Hisabati na kompyuta kwenye flash moja: tathmini ya kozi ya 6.042J kwa mwanafunzi wa Mwanza

Kozi hii tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekosekana kwa sababu moja kubwa: ni kozi ya kalamu na karatasi tupu, haikudai hata mstari mmoja wa programu. Kwa mtu anayesoma hisabati na sayansi ya kompyuta kwa pamoja katika shahada ya kwanza, hilo ni pengo linalozibika kwa mkono wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya tathmini hii inaeleza namna ya kuliziba.

Kwanza bidhaa yenyewe. Inaitwa Hisabati kwa Sayansi ya Kompyuta, na inatolewa bure na chuo kikuu cha MIT cha Marekani kupitia OpenCourseWare, mpango uliotangazwa mwaka 2001. Ina namba mbili, 6.042J na 18.062J, kwa sababu ni mali ya idara mbili: ya kwanza ni ya uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta, ya pili ni ya hisabati. Toleo tunalolizungumzia ni la mwaka 2010, lenye mihadhara 25 ya video ya Tom Leighton na Marten van Dijk, kila mmoja ukikaribia dakika 80. Jumla yake ni kama saa 33. Leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa bure, mradi utaje chanzo, usiuze, na ukiirekebisha uitoe kwa masharti yaleyale. Kwa hiyo kuiweka kwenye flash na kuizungusha hosteli nzima pale Malimbe au Nyegezi si wizi.

Thamani yake ni hii. Mwanafunzi wa masomo haya mawili mara nyingi huyakuta yamewekewa ukuta katikati: huku anathibitisha, kule anaandika programu kwa lugha ya Java au Python, na ratiba ya chuo haimwambii kwamba ni kazi moja. Kozi hii inaubomoa ukuta huo tangu mhadhara wa kwanza.

Chukua mfano wa mwanzoni kabisa: n² + n + 41. Weka n = 0, unapata 41, namba tasa. Weka 1, unapata 43, tasa. Weka 2, unapata 47, tasa. Sasa fungua Python, andika kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia) cha range(40) kikague kila jibu. Yote yatatoka tasa, arobaini mfululizo. Mwanafunzi wa programu anafunga laptop akiamini amemaliza. Lakini range(40) inaishia 39. Badilisha iwe range(41): n = 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 × 41. Kosa la namba moja kwenye kitanzi limekuficha ukweli wa hisabati. Ndiyo maana kupima si kuthibitisha, na hakuna maelezo ya kurasa kumi yatakayokuonyesha hilo vizuri kuliko namba hiyo moja.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Mwaka 1769 Euler alibashiri kwamba huwezi kupata namba kamili chanya zinazotimiza a⁴ + b⁴ + c⁴ = d⁴. Ubashiri ulidumu zaidi ya karne mbili. Mwaka 1988 Noam Elkies alichapisha mifano inayouvunja, na mdogo kuliko yote, uliopatikana kwa kompyuta na Roger Frye, ni 95800⁴ + 217519⁴ + 414560⁴ = 422481⁴. Mhadhara unautaja na kusonga mbele. Wewe usisonge. Uandike Python, itajibu True. Kisha uandike Java kwa aina ya long, ukizidisha moja kwa moja. Nayo itajibu true, ila si kwa sababu unayoidhani. Jumla ya kila upande ina tarakimu 23, na long inaishia 9,223,372,036,854,775,807, tarakimu 19 tu. Java imetupa kilichofurika, ikalinganisha mabaki ya kugawanya kwa 2⁶⁴. Namba zikilingana, mabaki nayo yanalingana. Kinyume chake si kweli. Jithibitishie: zidisha 65536L mara nne, yaani 65536⁴, na Java itakupa sifuri, kwa kuwa hiyo ni 2⁶⁴ kamili. Ukifika mhadhara wa tano, unaohusu hesabu za mabaki, utakuwa umeshaiona mada hiyo ikifanya kazi ndani ya mashine yako.

Induksheni ndiyo sehemu ambayo aliyetoka kidato cha sita na Advanced Mathematics anadhani anaijua. Anaijua kwa sura moja: kuthibitisha fomula za jumla ya mfululizo. Hapa inatumika kwenye michezo, vigae vya kufunika uwanja, grafu (nukta zilizounganishwa kwa mistari), na mashine zenye hali zinazobadilika. Simama kwenye uthibitisho wa uongo kwamba farasi wote wana rangi moja. (Usukumani unaweza kusema ng'ombe, hoja haibadiliki.) Unasema: ng'ombe mmoja ana rangi moja, sawa. Chukulia kila kundi la ng'ombe n lina rangi moja. Kwa kundi la n + 1, ondoa wa mwisho, waliobaki wana rangi moja. Ondoa wa kwanza, waliobaki wana rangi moja. Basi wote ni rangi moja. Kosa liko wapi? Makundi mawili yale yanahitaji ng'ombe wa katikati wa kuyaunganisha, na kutoka 1 kwenda 2 katikati hakuna kitu. Hatua moja tu imekatika, ile ya kwanza, na jengo lote limeanguka. Kwenye programu ni kosa lilelile la kusahau orodha yenye kitu kimoja au isiyo na kitu. Anayesahihisha uthibitisho huu kwa makini anajifunza pia mahali pa kuanzia kupima programu yake: 0, 1, kisha 2.

Mhadhara wa nne ndio bora kuliko yote, na tungependa kila mwanafunzi aurudie mara mbili. Una vyombo viwili vya maji, cha 3 na cha 5, upate 4. Jaza cha 5, mimina kwenye cha 3, zimebaki 2. Mwaga cha 3, mimina hizo 2 humo. Jaza tena cha 5, mimina kwenye cha 3 ambacho kimebakiza nafasi ya 1. Kwenye cha 5 zimebaki 4. Sasa tazama madumu yaliyozoeleka nyumbani: la lita 20, la 10 na la 5. Je, unaweza kupata lita 12 kamili? Huwezi, hata umimine mpaka asubuhi, kwa sababu kila hatua, iwe kujaza, kumwaga au kumimina, inakuacha na vigawe vya 5. Hicho ndicho kozi inakiita kisichobadilika, na ni wazo linalotumika kuthibitisha kwamba kitanzi cha programu kinafanya kilichokusudiwa. Kinachotawala hapa ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS ileile ya shule ya msingi, na algoriti ya Euclid inaikokotoa kwa mistari minne:

def kks(a, b):
    while b != 0:
        a, b = b, a % b
    return a

Kisichobadilika ni kwamba KKS ya a na b ni ileile kabla na baada ya kila mzunguko. Andika sentensi hiyo juu ya kitanzi, kisha uithibitishe kwenye daftari. Halafu ongeza kihesabuji cha mizunguko. kks(20, 10) inazunguka mara 1. kks(89, 55) inazunguka mara 9, ingawa namba ni ndogo. Hizo mbili ni namba za Fibonacci zinazofuatana, na ndizo mbaya kuliko zote kwa algoriti hii. Mwaka 1844 Gabriel Lamé alithibitisha kwamba hatua hazizidi mara 5 ya idadi ya tarakimu za namba ndogo. Kwa 55, tarakimu mbili, kikomo ni 10. Umepata 9. Daftari na skrini vinasema kitu kimoja.

Usimbaji wa RSA, njia ya kuficha ujumbe kwa ufunguo wa wazi na wa siri, unafuata mara moja, na hapa wengi hukwama kwa kutumia namba kubwa mapema. Anza na 5 na 11. Zidisha, 55. Punguza moja kila upande na uzidishe, 4 × 10 = 40. Chagua 3 kuwa ufunguo wa wazi; wa siri ni 27, kwa kuwa 3 × 27 = 81, na 81 ukigawanya kwa 40 inabaki 1. Ujumbe 2 unakuwa 8, yaani 2 × 2 × 2. Kuurudisha, pow(8, 27, 55) inatoa 2. Andika pow yenye vitu vitatu, usiandike (8**27) % 55. Kwa namba hizi zote mbili zinajibu sawa; kwa ufunguo wenye tarakimu mia kadhaa, ya pili inajaribu kujenga namba isiyoenea kwenye kumbukumbu ya kompyuta yoyote, na mashine itaganda. Ya kwanza inachukua mabaki kila hatua.

Kuhusu grafu, mihadhara 6 hadi 10, hatuna mengi ya kusema zaidi ya kwamba imepangwa vizuri na ndani yake mna tatizo ambalo kila chuo kinalo: kupanga ratiba ya mitihani bila mwanafunzi kuwa na mitihani miwili saa moja. Onyo ni moja. Mti mfupi wa kuunganisha vituo vyote huchanganywa sana na njia fupi kati ya vituo viwili. Chora bandari tatu: A na B zimeachana 3, B na C 3, A na C 4. Mti mfupi unachukua 3 na 3, jumla 6 za kebo. Lakini anayekwenda A hadi C kwa kufuata mti huo anasafiri 6, wakati njia ya moja kwa moja ni 4. Mti unabana gharama ya mtandao mzima, si safari ya mtu mmoja. Zoezi zuri la huku ni kuchukua ramani ya Mwanza, Sengerema, Geita, Misungwi na Nansio, kuweka uzito wa dakika badala ya kilomita, kisha kufanya mara mbili: kama ilivyokuwa enzi za kivuko cha Kigongo–Busisi, na baada ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025. Kilomita za kipande kile ni kama zilezile, dakika ndizo zimebadilika, na mti unaweza kubadilika nazo.

Mihadhara 12 hadi 15 ni ya jumla za mfululizo, ukuaji wa kazi (functions) na mahusiano ya kujirudia. Hapa kozi inadai kalkulasi, maana inabana jumla kwa kutumia intego. Aliyesoma BAM (Basic Applied Mathematics ya kidato cha tano na sita) peke yake apitie tena integresheni kabla ya kuingia, la sivyo ataona mihadhara miwili inapita kama basi la mikoani. Faida yake inaonekana kwenye upangaji wa orodha. Kwa vitu 1,000,000, kupanga kwa kuchomeka kunaweza kudai ulinganisho 499,999,500,000. Kupanga kwa kugawa na kuunganisha kunadai kama milioni 20. Kwa kompyuta inayolinganisha mara milioni 100 kwa sekunde, ya kwanza ni saa 1 na dakika 23, ya pili ni sehemu ya tano ya sekunde. Laptop mpya ya bei kubwa haiwezi kuziba tofauti hiyo.

Sehemu ya uwezekano inamalizia kwa mhadhara wa 25, mwendo wa kubahatisha, nao tunausisitiza kwa moyo wote katika mji ambao vijana wengi wanabeti. Mfano wao ni gurudumu la kamari lenye matundu 38, 18 yakiwa yako na 20 ya mwenye kamari. Unaweka 1 kila mzunguko, na unataka kuongeza 100 juu ya mtaji kabla ya kufilisika. Uwezekano wa kufanikiwa hauzidi (18/20) kwa kipeo cha 100, chini ya 1 kati ya 37,000. La kushtua ni kwamba kikomo hicho hakitazami mtaji. Uanze na 500 au na milioni, hakipandi. Pengo dogo la 18 kwa 20 linakula kila kitu kwa sababu linajirudia.

Andika programu ya jambo hilo, lakini kabla ya kubonyeza kitufe, kokotoa itachukua muda gani. Kila mzunguko unapoteza kwa wastani 2/38, yaani 1/19. Mtaji wa 500 utadumu kama mizunguko 9,500. Wachezaji 1,000 ni mizunguko milioni 9.5, sekunde chache kwenye laptop ya kawaida, zaidi kidogo kwenye simu. Usishangae usipoona mshindi hata mmoja. Asiyepiga hesabu hiyo anaweka wachezaji milioni moja, kisha anadhani programu yake ina kosa kwa kuwa haimalizi.

Sasa matumizi. Ubora wa 360p unatosha kusoma ubao. Ukishuka 144p maandishi ya chaki yanafutika, na video isiyosomeka ni bando lililopotea. Pima kabla ya kupakua: faili la kilobiti 500 kwa sekunde kwa dakika 80 ni MB 300, na mihadhara yote 25 ni GB 7.5. Flash ya GB 16 inabeba video, nakala za PDF na mazoezi kwa nafasi. Apakue mmoja, wengine wanakili. Mwenye simu pekee anaweza kuweka Pydroid 3, inayoendesha Python bila intaneti. Mwenye laptop ya RAM ya GB 4 hana haja ya kuongeza chochote. Umeme ukikatika, endelea na karatasi, maana nusu ya kazi iko huko. Anayepata shida na Kiingereza cha haraka atumie toleo la 2015 la Albert Meyer na Adam Chlipala, lenye video fupifupi, au asome PDF kwanza ndipo atazame video. Kuna pia toleo la 2024 lenye namba mpya, 6.1200J.

MIT inaihesabu kozi hii uniti 12, maana yake saa 12 za kazi kwa wiki. Mihadhara miwili ni chini ya saa 3. Saa 9 zilizobaki ni za mazoezi, na hapa ndipo wengi wanaharibu: wanatazama video kama tamthilia, wanaelewa kila sentensi, kisha hawawezi kuandika uthibitisho wa mistari sita. Kundi la watu watatu linafaa. Mmoja anaandika ubaoni, mwingine anauliza "kwa nini?" kila mstari, wa tatu anaandika programu ya kutafuta mfano unaovunja dai. Mkibadilishana zamu kila zoezi, hakuna anayebaki mtazamaji.

Mapungufu mengine tuyaseme wazi. Hakuna mwalimu wa kusahihisha, na hakuna cheti. Ukihitaji karatasi ya kuonyesha mwajiri, hapa hutaipata. Matriki na vekta hazifundishwi kama mada, kwa hiyo anayelenga ujifunzaji wa mashine lazima aongeze 18.06 ya Gilbert Strang, nayo ipo hapohapo bure. Na mifano mingi ni ya karata na bweni za Marekani, ingawa madumu na ratiba za mitihani zinahamia kwetu bila shida.

Aliye na likizo ya wiki nne tu kabla ya chuo kufunguliwa achukue mihadhara 1 hadi 5, kisha 12 na 13, kisha 18 na 19. Hiyo ni tisa, kama saa 12 za video, na kwa kiwango kilekile cha mazoezi inafika saa 50 na zaidi. Grafu zinaweza kungoja muhula uanze. Mhadhara wa nne usiuruke, na uwe na madumu mawili jikoni unapoutazama.